Hesabu Meno Kabla ya Kuwasha Msumeno

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo na wanakikundi wa useremala)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya msumeno. Wengine mtashangaa. Mwalimu wa kisomo na msumeno, wapi na wapi? Lakini nisikilizeni. Jambo la leo ni jambo la kusoma na kuhesabu, yale yale tuliyofanya darasani. Ila hapa anayekosa hesabu haandikiwi kosa kwa wino mwekundu. Anapoteza kidole.

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo vijiji vingi vya Tanzania vimepata umeme. Umeme umeleta mashine. Karakana ambayo zamani ilikuwa na msumeno wa mkono, randa na patasi, leo unakuta ina mota inanguruma. Mahali pengine upo msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi wengine huuita bendiso. Na kazi zenyewe zimebadilika. Zamani fundi aliletewa kitanda, kabati na mlango. Siku hizi mwenye nyumba ya kulala wageni anataka vibao vidogo vya funguo, kila kimoja na namba ya chumba. Zahanati inataka vibao vya milangoni. Mfuga kuku anataka kidirisha cha mashine ya kutotolesha vifaranga, ili aone mayai bila kufungua mlango na kupoteza joto.

Kazi hizi hufanywa kwa ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo. Jina lake ni akriliki. Dukani mtasikia majina mengine, Perspex au Plexiglas. Hayo ni majina ya biashara tu. Kitu chenyewe kilianza kuuzwa Ujerumani na Uingereza katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitumika kwenye madirisha ya ndege, kwa kuwa ni chepesi kuliko kioo. Basi akriliki si kitu kipya duniani. Ni kipya kwenye karakana zetu, na hapo ndipo shida inapoanza.

Mbao si plastiki

Shida ni hii. Fundi amezoea mbao. Mashine yake imefungwa bledi ya mbao. (Bledi ni ule mkanda wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Nitalitumia neno hili mara nyingi kwa sababu ndilo mtakaloulizwa dukani.) Analetewa kipande kidogo cha akriliki, anakisukuma kwenye bledi ile ile ya mbao. Anasema, kama inakata mninga, itashindwaje na plastiki?

Haishindwi. Tatizo ni namna inavyokata.

Mbao ina nyuzi. Jino kubwa likiingia kwenye mbao, nyuzi zinakatika moja moja na ubao unatulia. Akriliki haina nyuzi. Jino kubwa likikamata ukingo wa akriliki nyembamba, halikati kidogo kidogo. Linadaka. Kipande kinavutwa chini ghafla, kinapasuka, na mkono uliokuwa unasukuma hauna tena kitu cha kusukuma. Unakwenda mbele. Na mbele kuna nini? Kuna bledi.

Niliona kijana mmoja kwenye karakana ambayo sitaitaja. Alikuwa na kipande cha milimita 3, ukubwa wa kiberiti. Bledi ilikuwa ya kupasulia mbao, meno yake manne kwa inchi. Ilisikika sauti moja tu, ta! Kipande kilikuwa vipande vitatu, na kidole gumba kilikuwa kimechanwa hadi kwenye ukucha. Alishonwa zahanati, kidole kipo. Lakini hadi leo akishika msumari hausikii vizuri. Wenzake walisema kijana ni mzembe. Mimi nasema hapana. Alikuwa makini sana, macho yalikuwa kwenye kazi. Umakini haubadilishi ukubwa wa meno.

Sasa wapo watakaosema, basi tutafute bledi yenye meno madogo kabisa, tumalize maneno. Nayo si dawa ya kila kitu. Akriliki huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 100 hivi za Sentigredi. Hilo ni joto la maji ya chai yanapochemka, si joto kubwa. Meno madogo sana kwenye plastiki nene yana nafasi ndogo ya kubebea unga. Unga unajaa katikati ya meno, unasuguana, unapata moto, unayeyuka. Plastiki haipitishi joto kama bati, kwa hiyo joto lote linabaki pale pale panapokatwa. Utaona nyuzi za utelezi kama ulimbo zinaganda kwenye bledi. Nyuma ya bledi, njia uliyokwisha kata inajishika tena. Bledi inakwama, na kipande kinarukaruka mkononi.

Kwa hiyo meno makubwa mno ni hatari, na meno madogo mno ni hatari. Tunatafuta ya katikati. Na ya katikati hayatafutwi kwa kubahatisha. Yanahesabiwa.

Hesabu yenyewe

Chukueni daftari. Kanuni ya mafundi ni kwamba wakati wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya kitu kinachokatwa kwa wakati mmoja. Jino moja likitoka, mengine mawili yamekishika kipande. Hakidakwi, hakirukiruki.

Meno ya bledi huhesabiwa kwa inchi moja. Inchi moja ni milimita 25 na kitu kidogo. Sisi tutaiita 25, inatosha. Unene wa akriliki huandikwa kwa milimita. Basi zidisha unene wa akriliki kwa idadi ya meno, halafu gawanya kwa 25. Jibu ni idadi ya meno yaliyo ndani ya kipande.

Tufanye pamoja. Akriliki ni milimita 6. Bledi ina meno 6 kwa inchi. Sita mara sita ni 36. Gawanya kwa 25. Unapata moja na kidogo. Jino moja tu! Usikate.

Bledi nyingine ina meno 14. Sita mara 14 ni 84. Gawanya kwa 25. Unapata matatu na kidogo. Hiyo inafaa.

Haya, yule kijana wangu. Milimita 3 mara meno 4 ni 12. Ukigawanya 12 kwa 25 hupati hata moja zima. Maana yake kipande chote kilikuwa kinapita katikati ya jino na jino, kama mtu anayevuka barabara kati ya lori na lori.

Kwa vipimo vinavyopatikana madukani, mnaweza kuandika hivi ukutani karibu na mashine:

Akriliki ya milimita 3: meno 18 hadi 24.
Akriliki ya milimita 5 au 6: meno 14.
Akriliki ya milimita 10: meno 10.
Akriliki ya milimita 20: meno 6.

Mwenye macho makali ataona kwamba milimita 3 kwa meno 18 haifikishi meno matatu. Kweli. Inafikisha mawili tu. Lakini kuna njia ya kuongeza unene, nitaieleza mbele kidogo, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ukikuta bledi haina maandishi, ihesabu mwenyewe. Mashine izimwe na plagi ichomolewe ukutani. Weka sifuri ya rula kwenye ncha ya jino moja. Jino hilo usilihesabu. Anza na linalofuata, hesabu hadi milimita 25. Vaa miwani kama macho yamechoka. Wazee wangu, hakuna aibu hapo.

Bledi mpya huwa na maandishi kwenye karatasi au yamechorwa kwenye chuma chenyewe. Tuseme imeandikwa 1425 x 6 x 0.36, halafu 14. Namba ya kwanza ni urefu wa mkanda kwa milimita. Hiyo haichaguliwi, ni lazima iwe sawa na mashine yako. Ya pili ni upana. Ya tatu ni unene wa chuma. Ya mwisho ni meno. Na mkiona 10/14, msidhani ni hesabu ya sehemu, kumi chini ya kumi na nne. Wala si tarehe. Maana yake bledi hiyo ina meno mchanganyiko: sehemu nyingine yamekaa kama ya 10, sehemu nyingine kama ya 14. Ni bledi nzuri, hutulia, haipigi kelele sana. Katika hesabu yetu tumia namba ndogo, ile 10, ili uwe upande wa salama.

Upana na umbo la jino

Upana wa bledi una kazi yake. Bledi pana inakwenda moja kwa moja, inafaa kukata mstari ulionyooka. Ukitaka kuzunguka, bledi pana haikubali. Mgongo wake unasugua ukuta wa njia, unapata moto, na ukiilazimisha inakatika.

Bledi ya milimita 6 inaweza kuzunguka duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 16 hivi. Ya milimita 10 inahitaji milimita 37 hivi. Ya milimita 13 inahitaji zaidi ya 60. Sasa tazameni kibao cha ufunguo cha duara, upana wake milimita 40. Kutoka katikati hadi ukingoni ni 20. Bledi ya milimita 10 haiwezi. Ya milimita 6 inaweza. Mnaona? Kabla ya kugusa swichi tumeshajua: milimita 6 upana, meno 14, kama akriliki yenyewe ni ya milimita 6.

Juu ya umbo la jino sitasema mengi. Yapo meno yaliyosimama wima, na yapo yaliyoinama mbele kama ndoana. Ya ndoana hung'ata kwa nguvu na huvuta kazi. Kwenye ubao mnene yanasaidia. Kwenye kipande kidogo cha plastiki nyembamba, kitu kinachovuta hatukitaki. Chukua yaliyosimama.

Na bledi iwe kali. Bledi iliyochoka kwa mninga, au iliyokwisha kata bomba la chuma, haikati akriliki, inaisugua. Kusugua ni moto, na moto mmekwisha sikia unaleta nini. Nawashauri mnunue bledi moja ya akriliki, mpake rangi nyekundu kidogo kwenye kamba ya kuitundikia, na mtu yeyote asiifunge kwa kazi ya mbao. Mweka hazina atalalamika. Mwambieni alinganishe bei yake na bei ya karatasi moja nzima ya akriliki iliyopasuka, halafu anyamaze.

Wakati wa kufunga, meno yatazame chini, kuelekea meza. Nasema hivi kwa sababu bledi ya mkanda inaweza kugeuka ndani nje kama soksi, na ikigeuka meno yanatazama juu. Ikiwaka hivyo inainua kipande badala ya kukibana mezani. Kaza bledi vizuri, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama inakaa katikati, funga milango yote ya mashine, ndipo urudishe plagi. Kinga ya juu ishushwe hadi ibaki milimita 5 hivi juu ya kipande. Nimeona mafundi wengi wanaiacha juu kabisa ili waone vizuri. Sehemu ya bledi iliyo wazi ni sehemu inayokata vidole, haina kazi nyingine.

Kipande kidogo hakishikwi kwa vidole

Sasa tumefika penyewe. Bledi mmeichagua sawasawa, hesabu imetimia. Bado kuna kipande kidogo, na vidole vyenu.

Bledi katika mashine nyingi za mbao hukimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde moja. Kama ina meno 14 kwa inchi, meno zaidi ya 5,000 yanapita mbele ya kidole kwa muda wa kusema «moja». Hakuna mtu mwepesi kiasi cha kuondoa mkono. Kwa hiyo mkono usifike kabisa. Kipimo ni vidole vinne vya mkono wako vikilazwa pamoja. Mkono usisogee karibu na bledi kuliko upana huo. Hiyo ni kama milimita 75.

Kibao cha ufunguo ni milimita 40. Ukikishika, vidole vimeshaingia kwenye eneo la hatari kabla hujaanza. Maana yake kibao hicho hakishikwi kwa mkono. Kuna njia.

Njia ya kwanza ni kukata kipande kidogo mwisho. Usikate karatasi kubwa vipande vipande halafu uanze kuvichonga. Chora vibao vyote juu ya karatasi kubwa ikiwa bado na ngozi yake ya plastiki au karatasi, ile inayobandikwa kuilinda isichubuke. Ngozi hiyo usiibandue hadi kazi iishe. Kata upande mmoja, kata upande wa pili, huku ukishika mahali penye upana. Kibao kinaachana na mama yake mwishoni kabisa, na hapo unatumia kijiti cha kusukumia.

Njia ya pili ndiyo niliyowaahidi. Chukua kipande cha plaiwudi cha urefu wa mkono, upana wa shibiri moja. Bandika akriliki juu yake kwa utepe wa gundi unaonata pande zote mbili. Sasa unashika plaiwudi, hushiki akriliki. Mkono uko mbali. Na tazameni faida nyingine. Akriliki ya milimita 3 juu ya plaiwudi ya milimita 6, jumla ni milimita 9. Zidisha kwa meno 14, unapata 126. Gawanya kwa 25. Meno matano! Ile bledi ya meno 14, ambayo ilikuwa haifai kwa milimita 3 peke yake, sasa inafaa. Plaiwudi pia inaushikilia ukingo wa chini usimeguke. Unakata vyote pamoja, halafu unabandua taratibu. Utepe unauzwa, plaiwudi ni mabaki ya karakana.

Ukiwa na vibao vingi vinavyofanana, unaweza pia kubandika karatasi tatu za akriliki pamoja na kuzikata mara moja. Lakini msipande zaidi ya hapo. Unene ukizidi, joto linarudi.

Jambo jingine ni lile tundu la mezani bledi inapopita. Kwenye mashine nyingi ni pana, kipande kidogo kinaweza kutumbukia na kukwama pembeni ya bledi. Chukua plaiwudi nyembamba, isukume kwenye bledi hadi katikati, zima mashine, ibane plaiwudi hiyo mezani kwa kibano. Sasa una meza mpya ambayo tundu lake ni sawa na upana wa bledi. Hakuna kinachotumbukia.

Kitu cha mviringo kama fimbo ya akriliki kisikatwe kikiwa kimelala huru mezani. Bledi inakizungusha na kukivuta. Kichimbie mfereji kwenye ubao, kilaze humo, ukibane.

Mama mmoja alinyoosha mkono mapema akauliza juu ya glavu. Swali zuri, mama yangu. Wakati wa kubeba bledi au kuikunjua, vaa glavu, kwa sababu bledi iliyokunjwa hufumuka kama chemchemi na kuchana uso au mkono. Ikunjue ukiwa umeinyoosha mbali na mwili, watoto wakae mbali. Lakini mashine ikiwaka, glavu zivuliwe. Uzi wa glavu ukidakwa, unavuta mkono wote. Pete, bangili na saa pia vivuliwe. Mikono ya shati ifungwe vifungo. Khanga isiachwe ikining'inia, na kilemba kifungwe kwa nyuma. Miwani ya kinga ivaliwe, maana punje za akriliki ni kali kama mchanga wa kioo, na barakoa au kitambaa safi puani kwa ajili ya vumbi.

Na Mzee hapa mbele aliuliza, kwa nini tusitumie msumeno wa duara ambao tayari tunao? Mzee, msumeno wa duara unaweza kukata akriliki kubwa. Kwa kipande kidogo, la. Ukikwama unakirusha kuelekea kwa fundi, tena kwa kasi. Msumeno wa mkanda unasukuma kazi chini, kwenye meza. Ndiyo maana kwa vitu vidogo tunaupendelea, wala si kwa sababu una huruma.

Sikilizeni na sauti

Kazi ikienda vizuri, unga wa akriliki unatoka mkavu, mweupe. Sukuma polepole, kwa nguvu ile ile. Ukisukuma kwa haraka unapasua. Ukisimama katikati ya njia huku bledi inazunguka, unayeyusha. Ukisikia harufu tamu kali na kuona nyuzi, simama, zima mashine, subiri ipoe. Ama bledi imechoka, ama meno ni mengi mno kwa unene huo. Ipo pia akriliki ya aina mbili: iliyomiminwa na iliyokamuliwa kiwandani. Ya kumiminwa hukatika vizuri zaidi. Ya kukamuliwa huyeyuka upesi. Ukiwa dukani uliza, na ukirudi jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Ukisikia tik, tik, tik kila bledi inapozunguka, kuna ufa. Zima hapo hapo. Ikikatika, zima swichi, rudi nyuma, usifungue mlango mpaka magurudumu yasimame yenyewe. Usiyasimamishe kwa ubao.

Mabaki ya akriliki msiwape watoto wakawashie jiko. Inashika moto upesi na kudondoka ikiwaka.

Mtu akikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, nendeni zahanati. Ikiwa ncha ya kidole imetengana, ifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, muitie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo uwekwe mahali pa baridi lakini barafu isiguse nyama yenyewe, na mwende nayo hospitali pamoja na mgonjwa. Msiache nyuma mkidhani haina kazi.

Kwa wale ambao umeme haujafika kwao, au mashine haijanunuliwa, msione mmekosa. Msumeno wa chuma wa mkono unakata akriliki vizuri sana. Bledi zake huandikwa 18, 24 au 32, nayo ni meno kwa inchi, hesabu ni ile ile. Mkono hauna kasi ya kuyeyusha. Bana kipande kwenye jiliwa, katikati ya vibao viwili ili kisichubuke, na ukate. Akriliki ya milimita 3 hata msumeno haihitaji, kama unakata mstari ulionyooka. Weka rula, kwaruza mstari mara nane au kumi kwa kisu chenye ncha kali, weka mstari kwenye ukingo wa meza, bonyeza. Inakatika kama biskuti. Kwa maoni yangu, mtu mwenye vibao kumi tu vya kukata asihangaike na mashine. Mashine ni ya vibao mia.

Haya, bledi tatu ziko hapa mezani, maandishi yake nimeyafunika kwa karatasi. Zote zimefungwa kamba, hazitafumuka. Njooni watatu watatu mhesabu meno, kila mmoja aandike bledi ipi inafaa kwa milimita 3 juu ya plaiwudi na ipi kwa milimita 10. Rula ni mbili tu, itabidi mpokezane.